Mistari Mlangoni

Kiwandani, barabara ya Lunga Lunga,
hunilipa nijaze safu mbili.
Ya kwanza: kitu kinachoweza kuuma.
Ya pili: kitamuuma nani, lini, mara ngapi.
Asidi ndani ya pipa lililofungwa, safu ya kwanza.
Pipa lilelile, kifuniko kimelegea,
na Syengo anaharakisha, chai ya saa nne imeiva:
hapo kalamu yangu huvuka mstari.

Vijana wapya huzichanganya.
Nawaambia: kisu hakina nia.
Nia haihitajiki.
Meza fupi yatosha.

Jioni hurudi Pipeline, ghorofa ya tano,
ambako jua hupita mara moja
kama mdai kodi asiyemkuta mtu.
Nje ya roshani yetu umepita waya wa stima,
mweusi, umelegea kidogo.
Siku tulipohamia niliupima kwa macho:
mikono miwili na kiganja.
Nikaandika kichwani, safu ya kwanza,
nikalala.

Mghoi alikuwa bado anatambaa.
Tangu aliposimama, mama yake humpima mlangoni
kila mwisho wa mwezi, kwa penseli,
daftari juu ya utosi, visigino ukutani,
"Usichuchumie, wewe!"
Mstari juu ya mstari,
ngazi ndogo isiyopandwa na mtu.

Waya haukusogea hata unywele.

Julai, baridi ikibana,
Mama Kadzo wa chumba cha pili huingiza jiko la makaa ndani
na kuziba dirisha kwa leso.
Nilimgongea. Nikamwomba inchi mbili tu za hewa.
Akacheka: "Mwaka jana tulilala hivi hivi.
Si tuliamka?"

Hiyo ndiyo hesabu ya ploti nzima.
Mafuta taa katika chupa ya soda, chini ya kitanda: tuliamka.
Ufa wa ngazini, ambao mwenye nyumba aliuziba kwa rangi: tuliamka.
Nami, mwenye kofia ya plastiki na cheti ukutani,
nilikuwa nimeamka asubuhi elfu moja na mia nne
kando ya waya ule.

Kisha Jumamosi moja.
Soksi ya shule ilipeperuka ikanasa wayani.
Nilitoka chooni na kikombe cha mswaki mkononi,
nikamwona mwanangu juu ya mtungi wa lita ishirini,
tumbo kwenye ukingo wa roshani,
mkononi hanga ya chuma ameinyoosha kama ndoana.

Mikono miwili na kiganja.
Ondoa mtungi.
Ondoa mtoto wa miaka mitano, mrefu kama ukoo wa mama yake.
Ondoa hanga.
Kinabaki kidole gumba.

Sikupiga kelele.
Kelele nayo ina safu yake:
mtoto akishtuka huegemea mbele.
Nilisema, kwa sauti ya kuomba chumvi,
"Mghoi, njoo tukupime."

Akageuka.
"Leo si mwisho wa mwezi."
"Najua. Nadhani umeongezeka."

Akashuka, mguu mmoja, mguu mwingine,
hanga ikaanguka sakafuni, ikalia kidogo.

Kidole gumba si kipimo.
Nilijifunza hilo nikiwa na penseli mkononi,
isiyotaka kutulia juu ya nywele zake.

Jumatatu nilimwendea Musembi, mtunza ploti.
Akasema waya ulikuwepo kabla ya nyumba;
ghorofa ndizo zilizousogelea,
moja baada ya nyingine.
Kumbe hata saruji ilikuwa ikikua.

Nimefunga wavu. Mtungi unalala jikoni.
Nimeandika barua tatu kwa watu wa stima,
nikajibiwa moja, yenye namba.
Soksi ingali pale, imekauka, imelowa, imekauka.
Mghoi huiaga akienda shule.

Mama yake amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa,
anauliza nani aliyepima mwezi huu,
mbona mstari umepinda.