Hatua Mia Nne

Daktari alisema elfu saba kwa siku,
si mguu wa kufuata chumvi dukani, bali mwendo,
mwendo unaokutoa jasho mgongoni kabla ya chai.
Basi mimi na wifi yangu Risper tukachagua njia ya ziwa,
ile inayoanzia kwenye ua wa hifadhi ya swala,
ikateremka Dunga, ikapasua mafunjo,
ikapita nyuma ya bustani za sukuma wiki za Nyalenda
na kukurejesha pale pale ulipoanzia,
kama uvumi.

Miaka mitatu, kila Jumamosi.
Risper mbele, maana Risper hakuumbwa kufuata mtu.
Alihesabu kwa sauti,
na kila elfu ikitimia aliokota kijiwe
akakitia mfukoni mwa sweta,
ili akifika mlangoni avimwage vyote saba
kama mtu aliyetoka kuchambua mchele.

Leo natembea peke yangu.
Jua bado liko nyuma ya vilima vya Nandi,
mji unapiga miayo: jenereta moja, mwadhini,
mwanafunzi wa udereva anazimikiwa na gari kona ileile ya juzi.
Matope yananata chini ya viatu kama mkopo.
Gugu maji limehama usiku, limefunika ghuba yote,
kijani hivi kwamba mgeni angedhani ni malisho
akaleta ng'ombe.
Fundichuma anatembea juu yake bila wasiwasi.
Yeye hana daktari.

Wanawake wanaanika omena juu ya vyandarua
vilivyogawiwa kwa ajili ya mbu.
Mmoja ananiuliza, "Mwenzako wa kuhesabu yuko wapi?"
"Nyumbani," nasema,
na kuongeza mwendo.

Halafu njia inaisha.
Haikufungwa, hakuna kibao.
Inaingia majini taratibu,
kama mama mkwe anavyoingia kwenye mazungumzo,
na kule ng'ambo naiona ikitoka tena, inapanda, inajikung'uta.
Ziwa limechukua kipande cha katikati.
Hatua mia nne. Najua, Risper alizihesabu.

Kijana mmoja, Ogutu, ana mtumbwi unaovuja kistaarabu.
"Hamsini, mama, nakuunganisha."
"Thelathini."
"Arobaini, na maji unayatoa wewe,"
akanipa kopo la rangi.

Nikavuka juu ya njia yangu mwenyewe
nikichota ziwa na kulirudisha ziwani.
Pale maji yalipotulia niliona
vigingi vya ua, mpapai uliokufa wima,
kisha benchi.
Benchi letu la saruji, lenye ufa,
ambapo Risper alivua kiatu Novemba ile
akaniambia, "Hiki kidonda hakiumi. Ndicho kinachonitisha."
Sasa kamongo amelala chini yake
kama mtu aliyewahi kiti cha mbele harusini.

Ng'ambo nikashuka, nikalipa, nikamaliza duara.
Simu ikasema elfu sita na mia sita.
Mtumbwi hauhesabiwi.

Risper alikuwa barazani, blanketi mapajani,
blanketi ambalo chini ya goti la kushoto
linalala bapa.
Kando yake, bakuli la vijiwe.
"Haya, nipe habari. Swala?"
"Wapo."
"Yule fundichuma?"
"Yupo, anaringa."
"Na benchi letu?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.
Matope yalikuwa yamekaza fundo.
"Liko," nikasema.

Akavitoa vijiwe sita, kimoja kimoja,
akavipanga ukingoni mwa ukuta.
Cha saba alikishika muda mrefu.
Akatazama viatu vyangu,
akatazama pindo la sketi, limelowa hadi magotini,
akakirudisha bakulini.

"Bado mia nne," akasema.
"Zitembee hapa uani.
Nahesabu."