Tundu Namba Mbili

Kamera ya kwanza aliyoishika Monga
ilikuwa sanduku la mti lenye miguu mitatu,
mali ya kampuni ya shaba.
Yeye alikuwa kijana wa kubeba vioo.
Vioo, si filamu; filamu zilikuja baadaye.
Mzungu wa picha alijifunika kitambaa cheusi
kama mtu anayejifukiza homa,
na wafanyakazi walipangwa ukutani, kibao kifuani.
Usipumue. Hesabu mpaka sita.
Aliyekohoa alitoka na vichwa viwili.
Mbwa aliyepita hakutokea kabisa:
mwanga ulikuwa mvivu siku zile,
ulimwandika tu aliyesimama.

Hayo alinisimulia Kamalondo, katika studio yake,
chumba kimoja, pazia lililochorwa ndege na ngazi yake
ambayo nusu ya Lubumbashi imeipanda bila kuondoka.
Hakuwa mwalimu mpole.
"Tundu, muda, filamu: mafiga matatu.
Ukisukuma moja, sogeza jingine,
la sivyo chungu kinamwagika."
Mimi niliyelelewa na mbabula ya makala
sikuyajua mafiga. Akanichorea mavumbini.

Filamu ya mia kwa jua la Agosti.
Ya mia nne kwa mvua za Januari,
mawingu yakilikalia bomba la kiwanda.
Muda: twaa sekunde, ikate vipande mia na ishirini na tano,
mpe mtu mzima kimoja.
Mtoto wa komunyo ya kwanza, kata mia tano,
maana hatulii hata ukimwahidi mikate ya mafuta.
Ila tundu lilinisumbua mwezi mzima.
Namba ikikua, tundu linapungua.
Kumi na sita, tobo la sindano.
Mbili, mlango wazi.
"Nani alipanga hesabu ya kichwa chini hivi?"
Akafuta lenzi kwa shati.
"Walewale waliopanga namba nyingine."

Kiangazi kimoja akaja Mama Mwenze,
mjane wa Kabulo wa tanuri la pili,
kadi ya kazi ameifunga ndani ya leso, leso ndani ya mfuko.
Picha pekee ya marehemu.
Uso, na chini yake: 4207.
Aliitaka kubwa, ya kuweka mezani siku ya matanga.
"Minataka bwana yangu. Namba haiko jina yake."

Mimi, haraka haraka: tukate kwa makasi!
Lakini kibao kilimgusa kidevu;
ukiikata namba, unamnyoa ndevu.
Monga hakusema neno. Akailaza kadi mezani,
akaweka kibiriti chini ya upande wa kichwa,
uso ukainuka, kifua kikabaki bondeni.
Akashusha lenzi hadi karibu inuse karatasi.
Akafungua mbili.
Filamu ya taratibu, taa moja, nusu sekunde nzima,
na sisi wawili tukazuia pumzi
mbele ya mtu aliyekwisha kufa.

Gizani, chini ya taa nyekundu,
macho yalitangulia kuja juu ya maji.
Halafu paji. Halafu ndevu.
Pale chini, moshi.
Namba haikufutwa. Ipo mpaka leo, ukitaka kubishana,
ila hakuna jicho linaloweza kuisoma.
Mama Mwenze aliitazama mpaka nikaanza kuona haya.
"Kumbe siku ile alikasirika," akasema.
Akalipa. Monga akamrudishia nusu.

Leo nina mashine inayojua yote matatu,
na vijana wanataka nyuma yao pafifie
hata kama nyuma yao ni ukuta mtupu.
Ninabonyeza. Inafifisha kwa hesabu zake, bila kibiriti.
Jumamosi nilimpiga bibi harusi pale Katuba,
amecheka mpaka kilemba kimelegea,
na mashine ikamwita elfu saba mia tatu na kumi.
Nikafuta.
Nikaandika Nkulu Feza,
baada ya kumpigia simu, usiku ule, kumuuliza
kama ni kwa z au kwa s.