Ratiba ya Raskazone

Baba aliipanga safari kwenye daftari la hesabu,
kwa rula, kama anafunga mizania ya ghala la mkonge:
saa mbili kuogelea, saa nne picha,
saa sita wali na changu wa kukaanga.

Saa mbili tukafika. Bahari haipo.
Imekupwa, imetuachia tope, kaa,
na kiti cha pweza kimoja kimejibandika jiweni.
Baba akatazama saa, akaitikisa,
akaiweka sikioni.

Mama, ambaye kwetu Handeni
maji huyajua kwa ndoo na foleni,
alikuwa keshavua viatu.
Akapandisha kanga magotini, akaingia topeni,
akacheka kicheko nisichowahi kukisikia nyumbani.

Tukamfuata. Chausiku akakanyaga kitu laini,
akapiga yowe. Tukamcheka.
Kisha nikakikanyaga mimi.

Saa nne ikapita bila picha.
Wali tuliula saa tisa, una mchanga,
maji yanalamba ukingo wa mkeka.

Sasa dirishani pana chupa ya soda
yenye chumvi ya Raskazone.
Chausiku huichungulia kila asubuhi:
“Baba, yamekupwa?”
Naye hutazama saa, bila kutabasamu:
“Ngoja. Saa tisa yatajaa.”