Daftari la Wageni, Kolo

Safu ya kwanza jina. Ya pili utokako.
Ya tatu kusudi la ziara. Ya nne saini.
Kalamu nimeifunga uzi kwenye msumari,
maana kalamu za Serikali zina miguu.

Asubuhi: watoto thelathini na wanane kutoka Dodoma mjini,
basi limewashusha pamoja na vumbi lao.
Mwalimu Chidawali kawaandikia wote mstari mmoja:
*Kujifunza.*
Mzungu na mkewe: *Kuona.*
Kijana mwenye simu mbili: *Picha tu.*

Nawapandisha. Nasema ya jana na ya juzi:
huyu pofu, yule twiga,
hawa warefu wenye vichwa kama vichaka ni watu,
na aliyewachora hakuacha jina.
"Kwa hiyo hakusaini?" kauliza binti mmoja, kiatu kimeachama.
Nikacheka. Jibu sikuwa nalo.

Usiguse, nasema. Jasho la kidole hula rangi.
Usimwagie maji ili picha ing'ae;
zamani walimwagia, tazameni hapa palivyopauka.
Pimbi peke yake hasikii la mwadhini wala la mnadi:
anakojolea urithi wa dunia
na hana kesi.

Saa nane, watoto wameshaondoka,
akaja Shangazi Mwajabu.
Kibuyu kichwani, kamba ya mbuzi mweusi mkononi,
nyuma yake wanawake wawili wasiosema.
Huko walikotoka uwele umegota magotini,
majani yamejikunja yenyewe kwa yenyewe
kama mtu anayeficha deni.

Nikamwambia, Shangazi, kuna kiingilio.
Akanitazama kama aliyeniogesha,
na kweli ndiye aliyeniogesha.
"Swalehe. Nilipe kodi mlangoni kwetu?"

Kanuni iko ukutani nyuma yangu.
Ina nembo, ina mhuri.
Nikatoa noti mfukoni mwangu,
nikamkatia tiketi, nikaichana, nikaitia mfuko ule ule.

Jina: Mwajabu binti Ijumaa.
Atokako: hapa.
Kusudi:

Kalamu ikasimama.
Safu yenyewe nyembamba, upana wa kucha mbili;
mvua utaikunjaje hata ienee humo?

"Andika nimekuja kusalimia," akasema.
Nikaandika.

Walikaa juu mpaka vivuli vikafika barabarani.
Sikuwafuata. Kanuni inasema mgeni asipande bila mwongozaji;
nikajiuliza mgeni nani, kikombe cha chai mkononi,
nikakaa na swali langu.
Mbuzi nilimsikia mara moja.
Halafu upepo.

Akashuka mikono mitupu, magoti yamejaa udongo wetu ule,
udongo unaokwenda na makorongo kila masika
na bado haujaisha.
"Saini bado," akanikumbusha.
Kuandika hajui. Kidau cha wino kimekauka tangu Machi.
Basi akakandamiza dole gumba hivyo hivyo, lilivyo jekundu,
katikati ya safu ya nne,
akalishikilia kidogo, kama anayepima homa ya karatasi.

Mvua? Msiniulize.
Mawingu ya wiki ile yalipita juu yetu kwenda Babati
kama basi lililojaa.
Baadaye ilinyesha. Baadaye hunyesha. Mimi si shahidi.

Mwezi uliofuata akaja mkaguzi,
shati jeupe, miwani kwenye kamba.
Akajumlisha tiketi, zikatimia hadi shilingi ya mwisho.
Akafungua kurasa moja moja, akafika ile.
"Hapa nani kachafua?"
Akalamba kidole chake, akakiinamisha afute.

Kazi hii nina miaka kumi na moja.
Maneno yale nimeyasema kwa mabalozi na kwa walevi,
kwa Kiswahili, Kirangi na Kiingereza cha kuungaunga,
wala hayajawahi kunitetemesha mdomo.

"Samahani, mkuu," nikasema.
"Usiguse."