Athari

Saa nane za usiku, Ibra, famasi ya njia panda.
Kiyoyozi kinakohoa kuwashinda wagonjwa.
Nafuta kaunta kwa spiriti,
nasubiri ikauke,
kisha napanga karata.

Hamsini na moja tu. Mzungu wa tatu wa kopa
alibaki Maskati tulipohama nyumba,
nyuma ya kabati pengine, na vumbi lake.
Mahali pake nimekata ubavu wa boksi la dawa ya kikohozi,
nimeandika kwa kalamu ya bluu: Bibi.
Mgongoni bado pasomeka:
tikisa kabla ya kutumia.

Sheria nimezitunga mwenyewe.
Nyekundu ni Shinuna, nyeusi ni Ghalibu,
mashamba yao yamepakana kwa ukuta wa udongo
na hawajasalimiana tangu mazishi ya baba yake Shinuna,
ambako Ghalibu alikuja na kahawa
na bei ya shamba.
Namba ni athari wanazopandishiana
Ijumaa, kwenye mnada wa maji ya falaji.

Athari: huku ndilo jina la nusu saa ya maji.
Kwetu ni kile kinachobaki
kitu kikishapita.
Mimi nina lugha mbili, basi nahesabu zote.

Saba ya uru: Shinuna anataka athari saba.
Tisa ya shupaza: Ghalibu, bila kumtazama, tisa.
Kumi ya kopa. Dalali anafuta jasho.
Ree ya pau: mtende mmoja unakufa,
nami ndiye wa kuamua wa nani.
(Nauua wa Ghalibu. Kisha namwonea huruma,
naurudishia makuti mawili mabichi.)

Ikitoka picha, sheria yasema, wakutane
au waandikiane. Mzungu wa pili, shupaza.
Ghalibu anachomeka karatasi kwenye ufa wa ukuta:

*Shinuna shusha sauti, mitende inakauka,*
*dau lako halikati, maji yote wayashika.*

Mzungu wa nne, uru. Anajibu papo hapo,
mkono ungali na tope:

*Ghalibu wacha machozi, mnada hauna pole,*
*kiu yako siiwezi, yangu yakesha milele.*

Nikaisoma mara ya pili.
Mstari ule wa mwisho sikukusudia.
Nilikuwa natafuta kina tu,
na kina kikamtoa siri binti wa watu.

Mlango ukalia. Dereva wa lori, kaungua kiganja kwa rejeta.
Nikampa malhamu, nikampa chenji,
aliporudi gizani nikaliona boksi langu:
la tatu kutoka juu, nene, limejikunja pembe.

Huo ndio ubovu wa karata yangu.
Wengine hawajui mapenzi yao yako wapi kwenye rundo.
Mimi nayaona yanavyokuja
na usiku bado mrefu,
na nikiyafunua sheria yasema mmoja akiri
na mchezo umekwisha,
na nitabaki na kiyoyozi.

Nikalichomoa, nikalisukuma chini kabisa.
Hakuna wa kunikamata. Mwizi mimi, mwenye mali mimi.

Nne ya pau. Sita ya kopa. Wakagombana hadi alfajiri
juu ya nusu saa moja ya maji, kwa bei ya mbuzi,
na kila mmoja alimjua mwenzake kwa kikohozi tu
ng'ambo ya ukuta.

Adhana ilipokwisha akaingia mzee Hamyari,
suruali imekunjwa, zamu yake ya maji ndiyo kwanza imeisha.
Alitaka plasta. Mundu umempitia kidole.
Akazitazama karata. Akaniuliza kwa Kiarabu,
unacheza na nani?
Nikasema, peke yangu.
Akasema, basi mbona umekasirika?

Akaenda zake pekupeku,
akaacha nyayo za maji kwenye vigae hadi mlangoni.
Zamu yangu nayo ilikuwa imekwisha, na kufagia ni juu yangu.
Nikachukua ufagio, nikazipita pembeni.

Mkononi imebaki karata moja.
Sina haja ya kuifunua.
Naitikisa.