Kijani Kingi Mno

Kila Julai, joto la Maskati likishalainisha lami ya Ruwi,
shangazi Ghaniya hufunga brashi zake kwa kanga kuukuu
na kunipigia simu: "Gari lina mafuta?"
Haulizi kama nina kazi.

Pale Birkat al-Mauz polisi hukagua magurudumu,
hutazama turubai zilizofungwa juu ya gari
kama milango ya nyumba inayohama,
hucheka, hutupisha.
Kisha ni kupanda tu, gia ya kwanza, masikio yakiziba,
naye kimya, mkono nje ya dirisha,
akiionja hewa kama mtu aonjaye chumvi ya mchuzi.

Mwaka wa kwanza alichora makonde ya Shureja
yanayoshuka ngazi kwa ngazi hadi ukingo wa genge,
na yote yakatoka kijani. Kijani cha mikarafuu,
cha Wete baada ya mvua, majani yanatona.
Mwenye bustani, Hamdun bin Seif, mzaliwa wa Bujumbura,
akaisimamia picha ile, mkasi wa kupogolea mkononi.
"Nzuri," akasema. "Ila mimi hapo siishi."

Usiku uleule akaikwangua kwa kisu.

Viangazi vikafuatana.
Akajifunza kahawia kama mtu ajifunzavyo lugha ya wakwe:
kwanza matusi, salamu baadaye.
Jiwe la asubuhi lina waridi ndani yake,
jiwe la adhuhuri halina kitu,
na kivuli cha mkomamanga si cheusi,
ni zambarau iliyopondwa kwa kisigino.
Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akingoja zamu ya maji.
Hamdun akichomoa jiwe na tambara mlangoni mwa falaji,
nusu saa kwa konde hili, robo kwa lile,
shangazi huchora mbio kabla udongo haujayanywa.
Nusu saa hiyo ndiyo ikawa kijani chake chote:
mstari mmoja, mwembamba kuliko ukucha.

Picha hizo zilinunuliwa. Moja iko benki,
watu wanaingoja namba yao chini yake.

Mwaka juzi falaji ilipungua.
Ngazi tatu za chini zikaachwa, mikomamanga ikabaki fito.
Nilidhani hatachora.
Alichora pipa la plastiki la buluu,
na kiyoyozi kikidondosha maji ukutani pa udongo,
na chini ya kiyoyozi, penye doa la unyevu,
nyasi.
Kijani cha Wete, kilekile alichokikwangua.

Hamdun akaja, akaisimamia.
Hakusema neno.
Akaingia ndani, akamletea kiti.

Picha hiyo hakuna aliyeitaka.
Iko jikoni kwangu, karibu na jiko la gesi, inanasa mafuta.
Ijumaa huifuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu,
na nikifika pale kwenye nyasi
mkono wenyewe hupunguza mwendo.