Jembe Huchelewa

Darasa letu lipo Mabatini, nyuma ya mashine ya kusaga,
chumba kilichokuwa cha kuwekea pumba.
Jumamosi saa tatu nafungua kufuli,
nafagia, nanyunyiza maji vumbi litulie,
na kwa chaki nachora mstari sakafuni:
viatu mwisho hapa.
Mwanzo wa muhula nilihesabu yeboyebo ishirini na tatu.
Moja haina mwenzake,
na mwenye nayo hasemi.

Sina spika. Ninayo mashine ya Mama Buyegi:
mkanda wake umeungwa kwa waya, na kila ukizunguka
kile kiungo hugonga, ta!
nasi tunahesabia hapo.
Umeme ukikatika, mahindi husimama kooni mwa mashine,
wanawake hukalia madebe yao kusubiri,
na watoto hunitazama: mwalimu, sasa?
Sasa nyayo. Nani kawakatia nyayo?

Ada ni elfu moja kwa wiki.
Yuko anayeleta noti iliyokunjwa mara nane,
yuko wa kisado cha dagaa, tena wa Ukerewe, hawana mchanga,
na Nyanzobe huleta salamu za bibi yake;
nazipokea, naziandika daftarini.
Baba mmoja alisimama mlangoni:
"Kucheza atacheza hata jalalani, bure. Wewe unamfundisha nini?"
Sikuwa na jibu. Nilimpa ndoo akalie.
Alikaa mpaka mwisho, akaondoka bila kuaga,
na wiki iliyofuata akaja na kigoda chake.

Muhula huu tulishika bugobogobo.
Majembe ya kweli yalikuwa shambani,
nikanunua mipini ya fagio, kumi na miwili, soko la Mlango Mmoja,
tukaipaka rangi.
Juu! Zungusha! Rusha! Daka! Shuka!
Wakapendeza. Wakashuka pamoja kama mlango unaofungwa.
Isipokuwa Lugumba.

Lugumba, miaka kumi, mstari wa nyuma,
alichelewa. Kila mara, kwa pumzi moja.
Nikamhamishia mbele, akachelewa mbele.
Nikampigia makofi sikioni, nikamshika mabega,
nikamwita (naona aibu kuandika) kobe,
na darasa likacheka kwa mdundo mmoja,
mara pekee siku hiyo tulipokuwa sawa.

Hakulia. Alinikabidhi mpini
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
"Mwalimu, hili si zito.
Jembe kupanda linapandishwa na mkono.
Kule juu linasimama kidogo, kama linafikiri.
Ndipo linashuka.
Usipolingoja litakukata unyayo."

Nikaitazama mikono yake, nilikuwa sijaitazama:
sugu chini ya kila kidole.
Yangu laini kama sabuni,
na ukutani cheti changu cha semina ya siku tano,
ndani ya plastiki, kisilowe.

Wiki ya pili niliazima jembe moja, likapita mkono kwa mkono.
Kila mtoto alilinyanyua,
na kila mtoto, kule juu, alikutana na kile kituo.
Kwandu alisema tumbo limemdondoka.
Kisha tukarudia mipini yetu ya rangi
na uzito usiokuwepo.

Lugumba hakuuona. Mvua zilikuwa zimeanza;
walivuka kwa kivuko cha Kamanga
kwenda kulima pamba ya mjomba huko Sengerema.
Mlangoni viatu vyote sasa vina wenzake.
Mpini mmoja umeegemea ukuta.

Leo mkanda ukagonga, ta!
na mipini kumi na mmoja ikabaki juu,
imebaki, imebaki,
Mama Buyegi akachungulia dirishani, unga hadi kwenye kope:
"Mbona leo wote mnachelewa?"

"Ngoja," nikamwambia. "Linashuka."